Nilikuwa Nyuma ya Bati

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Pikapu imerudi kabla ya saa kumi, bodi imejaa majani makavu ya migomba. Nimefagia. Baba ameingia chini yake injini ikiwa bado ya moto. Nimempa spana kubwa, kisha ndogo, kisha nyundo. Hatukuongea. Ndivyo tunavyofanya kazi.

Gari ni la Mzee Asajile. Kila alfajiri linakwenda Tukuyu kuchukua ndizi, alasiri linarudi Mbeya. Kuanzia hapo mpaka jua linapozama ni letu. Baba analigeuza. Mzee Asajile anataka kubeba samaki wabichi kutoka ziwa Rukwa hadi Makongolosi, kwa wachimba dhahabu. Wengine wamejaribu, samaki wakaoza njiani. Huko chini hakuna barabara. Ni mchanga, na baada ya mchanga ni mbuga kavu iliyopasuka, na gari la kawaida linatambaa kama mgonjwa. Yeye anataka gari la kukimbia juu ya mchanga. Lakini hawezi kuliacha kwa fundi wiki nzima, ndizi hazisubiri. Kwa hiyo Baba anabadilisha kipande kimoja kimoja, na kila asubuhi lazima liweze kwenda kazini.

Mimi naandika daftari la kazi. Kilichofunguliwa, kilichofungwa. Baba anasema mwandiko wangu ndio faida pekee ya darasa la nane aliyokwisha kuiona. Alicheka aliposema hivyo. Nilifurahi, ila sikuonyesha.

Jumatano, 8 Agosti

Madigadi yamekatwa. Matairi mapya hayakuwa yakienea. Nayaita mapya, lakini yalikuwa ya lori la jeshi, yana viraka. Baba anasema wakifika kwenye mchanga watayapunguza upepo ili yakanyage kwa upana, kama miguu ya bata. Wakitoka mchangani watapiga pampu tena.

Mzee Asajile alikuja kutazama. Sauti yake inafika kabla yake.

“Fundi! Umelinyoa gari langu!”

“Limenyolewa ili likimbie, mzee.”

“Na milango?”

“Milango nayo inatoka. Uzito wa bure.”

“Haya. Mke wangu akiniona nimekaa nje nje hivi atasema nimefukuzwa hata garini.”

Waliokuwapo wote walicheka. Kisha akanigeukia mimi. “Na wewe, Fundi Kimya, unaonaje?”

Nilikuwa na la kusema. Nilitaka kusema kwamba bila milango vumbi litamwingia machoni, afunge miwani. Nilitazama viatu vyake. Akasubiri, halafu akaendelea na Baba.

Nimejichukia mpaka bombani na kurudi. Nina miaka kumi na saba.

Ijumaa, 10 Agosti

Bamba la chuma limefungwa chini ya injini, mawe yasitoboe sampu, bakuli la oili. Bomba la kuvutia hewa limepandishwa juu, mbali na vumbi. Shokomzoba za pili zimewekwa mbele. Nimeandika zote.

Asubuhi kulikuwa na baridi kali. Vidole vya Baba vilipasuka. Nilimpaka mafuta.

Jumapili, 12 Agosti

Nimechumbiwa.

Nilijua wanaongea, sikujua kwamba wamekwisha kukubaliana. Ng'ombe wamepelekwa Rungwe kwa baba mkubwa. Mwanamume ni Ambakisye, karani Iringa. Nimemwona mara mbili. Ana meno mazuri. Ni mtoto wa mwenye pikapu.

Shangazi Tupokigwe alinikalisha jikoni baada ya kanisa. Sisi Wanyakyusa, msichana akishachumbiwa haonani tena na baba mkwe. Nikimkuta njiani, nitoke njiani. Akija nyumbani, nijifiche. Nisimsemeshe. Nisimtaje jina. Mwinjilisti anasema Wakristo wanaweza kuamkiana kwa mbali. Shangazi anasema mwinjilisti hana binti.

Kwa hiyo hata humu siandiki jina lake tena. Nitaandika mkwe.

Nilipaswa kuona ni mzigo. Niliona nafuu. Naandika kweli kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 14 Agosti

Mkwe alikuja alasiri. Alikohoa langoni, kwa nguvu, mara tatu. Ni heshima yake kwangu, nipate muda wa kujificha. Nilikwenda nyuma ya bati kubwa lililoegemezwa ukutani, nikachutama. Aliongea na Baba huku ameupa mgongo upande wangu. Hakukaa. Naye pia hapaswi kukaa palipo na mkwewe.

Mama Neema, jirani, aliniona nikitoka. “Binti amelelewa huyu,” alisema. “Wengine wakitoka shule wanawatazama wakwe usoni kama wanatazama ng'ombe mnadani.”

Ni mara ya kwanza maishani kusifiwa kwa kunyamaza.

Jumamosi, 18 Agosti

Walikwenda kulijaribu uwanda wa Usangu. Walipakia mawe badala ya samaki. Mimi sikwenda, mkwe ndiye aliyeendesha. Baba amerudi mweupe kwa vumbi, hadi nyusi. Amefurahi kama mtoto. Anasema palipokuwa na mchanga gari lilielea, na kwenye mtaro liliruka likatua kama paka. Lakini nyuma, likiwa na mzigo, ekseli inagonga fremu. Springi za nyuma ni nyembamba.

Ataongeza vyuma vitatu kila upande.

Jumatatu, 20 Agosti

Springi zimenenepa, na sasa bolti ni fupi. Hizi ni zile bolti zilizokunjwa kama pini ya nywele, zinazokumbatia springi na ekseli pamoja. Nati zimeshika ncha tu. Baba alinionyesha kwa kidole. “Nyuzi mbili,” alisema. “Hii inatosha gari kusimama. Kutembea haitoshi.”

Madukani Mbeya hakuna ndefu. Iringa zipo. Kesho atapanda basi.

Mkwe amekubali. Gari litalala mpaka Alhamisi, ndizi atazibeba mwenye lori mwingine. Lakini hakuambiwa habari ya nyuzi mbili. Baba alimwambia tu kwamba kazi haijaisha. Hapendi kumwonyesha mwenye gari kazi isiyokamilika.

Jumanne, 21 Agosti

Baba ameondoka kabla ya jua. Mama yuko Rungwe tangu wiki jana, dada yake amejifungua. Niko peke yangu na Mama Neema ng'ambo ya uzio.

Maneno ya Baba, langoni: “Gari lisiguswe. Mtu yeyote akija, mwambie bolti.”

Nilijibu ndiyo.

Jumatano, 22 Agosti. Asubuhi

Mkwe amekuja. Amechukua gari.

Nilikuwa nyuma ya bati.

Labda nati zitashika.

Jumatano. Jioni

Mama Neema amerudi sokoni na habari. Pikapu imepinduka kwenye barabara ya Chunya, baada ya kilele, kwenye mteremko. Wanasema ekseli ya nyuma ilihama mahali pake, gari likageuka lenyewe kama mtu aliyeitwa. Yuko hai. Mguu umebanwa. Amelala kando ya barabara tangu asubuhi mpaka lori la watengeneza barabara lilipopita. Yuko hospitali.

Alikuwa peke yake. Ashukuriwe Mungu kwa hilo.

Mama Neema aliniuliza kama niliona akiondoka. Nilisema nilikuwa bombani.

Nimefunga lango mapema.

Ijumaa, 24 Agosti

Baba alifika jana jioni. Habari alizipata njiani, Nyololo, basi liliposimama, kutoka kwa dereva aliyetoka Mbeya. Kutoka Nyololo mpaka Mbeya alikaa nazo. Bolti mpya zilikuwa mapajani mwake, zimefungwa kwenye gazeti. Aliziweka mezani. Hakuvua koti.

“Ulimwambia?”

“Sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kuteka maji.”

Aliitikia kwa kichwa polepole. Akaamini. Mimi sijawahi kumdanganya, kwa hiyo hajui sura yangu ninapodanganya.

Jumatatu, 27 Agosti

Imejulikana sasa kwa nini mkwe alikuja. Mnunuzi wa Makongolosi alituma habari kwamba anataka mzigo wa kwanza Alhamisi, akikosa atampa kazi mtu mwingine. Mkwe alikuja kumtafuta Baba. Alikuta gari limesimama juu ya magurudumu yake, limefungwa, safi. Akafikiri limekwisha.

Daktari anasema mguu umevunjika mahali pawili. Utapona, lakini utabaki mfupi.

Mkwe amewaambia wanaomtembelea: “Fundi alinipa jeneza lenye matairi.” Maneno yamefika sokoni kabla ya saa sita. Leo watu wawili wamekuja kuondoa magari yao. Mmoja gari lake halina hata gia boksi, ipo chini kwenye gunia. Alilikokota kwa kamba.

Baba anawajibu wote vilevile. “Kosa ni langu. Ningeliweka juu ya mawe.” Hasemi zaidi.

Nilikuwa nafua shati lake. Niliendelea kufua.

Jumatano, 29 Agosti

Mama amerudi. Nimemwambia. Si Baba, Mama. Nilifikiri atanipiga. Nilitaka anipige.

Alimwita Shangazi, na Shangazi akasema nieleze tena. Nikaeleza. Nilimsikia akikohoa, nikajificha, sikusema.

“Sasa unalia nini?” Shangazi alisema. “Ulitaka umrukie mkweo kifuani? Umefanya sawasawa. Heshima ni heshima, hata nyumba ikiungua.”

“Lakini angekufa, wifi,” Mama alisema.

“Hakufa.”

Na jioni Mama Neema ameniletea maziwa. Kumbe ameambiwa. Ananitazama kama mtu aliyefaulu mtihani.

Sikuyanywa.

Alhamisi, 30 Agosti

Nitaandika yote, kwa sababu niliyowaambia si yote.

Alikohoa mara tatu. Nikaenda nyuma ya bati. Aliita, “Wenyewe mpo?” Niliona miguu yake chini ya ukingo wa bati. Hatua tano kutoka kwangu. Alizunguka gari. Alipiga tairi teke. Akasema kwa sauti, kama anaongea na kuku, “Sasa fundi amekwenda wapi na mimi nina haraka?” Akasubiri. Alisubiri muda mrefu. Alijua nipo. Ndipo akakohoa tena, akasema, “Basi, tusimchoshe mtu mafichoni,” akawasha gari, akaondoka. Aliharakisha kwa ajili yangu. Kwa adabu.

Ningeweza kumwita Mama Neema, aseme yeye. Yuko ng'ambo ya uzio, alikuwa anatwanga, nilisikia mchi. Hilo mila inaruhusu. Ningeweza kugonga bati. Ningeweza kupaza sauti nikiwa nimegeuka ukutani, niseme “bolti” na basi. Ningetozwa kuku, ningechekwa wiki moja.

Nilifikiri yote haya palepale. Si kwamba nilichanganyikiwa. Nilifungua mdomo. Nikawaza sauti yangu itakavyotoka, nyembamba, na yeye atakavyonyamaza kusikiliza, na jinsi watakavyolisimulia. Nikaufunga.

Tarehe nane hakuwa mkwe wangu. Aliniuliza neno, nami sikumjibu. Kwa hiyo si mila. Mila ilinipa shuka ya kujifunika tu.

Jumamosi, 1 Septemba

Nimemwambia Baba. Alikuwa amekaa juu ya tairi, hana gari la kutengeneza. Nilisimama nyuma yake. Nilisema yote, pamoja na mchi wa Mama Neema.

Nilihesabu siafu.

“Sikulaumu kwa kuogopa,” alisema. “Lakini Ijumaa ile uliniacha niende hospitali kumwangukia yule mzee, nikiwa sijui ninachokiombea radhi.”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Alikwenda, mimi nikabaki napika.

Nilimwomba awaambie watu. Akasema hapana. “Niseme nini? Kwamba si mimi, ni binti yangu? Nitakuwa fundi wa namna gani?” Halafu akasema niache, litapita.

Halitapita. Jina lake ndilo gereji yake. Hana kingine.

Jumatatu, 3 Septemba

Nimekwenda hospitali.

Sikumwambia mtu. Nilijifunika khanga mpaka machoni. Wodi ya wanaume ina madirisha mapana upande wa bustani. Nilimwuliza mfagiaji kitanda cha mzee mwenye pikapu, akanionyesha dirisha. Nilisimama chini yake, nikaupa mgongo ukuta. Mbele yangu kulikuwa na kitalu cha kabichi. Nilikitazama hicho.

Nilisema. Sauti haikutoka. Nikasema tena.

“Nani huyo anaongea na kabichi?” Mkwe mwenyewe. Wagonjwa wakacheka. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikasema: “Mimi ni wa kwa fundi. Nati za nyuma zilikuwa zimeshika nyuzi mbili. Baba alijua, ndiyo maana alikwenda Iringa. Aliniachia maneno nikwambie. Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya bati. Sikukwambia. Si kosa la fundi.”

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia mkewe akisema, “Yesu wangu, ni mkwe wetu.” Kisha kitanda kikalia, kama mtu anajaribu kugeuka na hawezi.

Sikuondoka, kwa kuwa niliona nikiondoka nitakuwa nimejificha tena.

Mwishowe alisema, si kwangu, kwa mkewe, ingawa kwa sauti ya kunifikia: “Mwambie nimesikia. Mwambie baba yake aje.” Na baadaye kidogo: “Mwambie atoke juani.”

Nimerudi kwa njia ya nyuma. Nilidhani nitaona wepesi. Sikuona. Nimeona aibu ya jana na aibu ya leo, zote mbili, kila moja mahali pake.

Jumatano, 5 Septemba

Baba alikwenda jana, akakaa huko saa mbili. Ameniambia machache. Mkwe alisema kwamba alipopiga tairi teke alisikia kitu kikilia nyuma, akapuuza, sababu ya haraka. Alisema pia, “Tulikuwa watatu tuliolivunja lile gari, fundi. Wewe ulilisimamisha juu ya magurudumu, yeye alinyamaza, mimi niliendesha.” Na wale wanaomtembelea sasa anawaambia hivyo hivyo.

Hakusema amenisamehe. Baba hakuuliza.

Shangazi amekuja na moto. Kusema na mkwe, hadharani, dirishani, mbele ya wanaume waliolala! Amesema nimewatia aibu mpaka Rungwe. Inatakiwa kuku wa kuomba radhi, na pengine zaidi. Habari ya uchumba hakuna anayejua. Ambakisye ameandikiwa, hajajibu.

Mama Neema leo hakunisalimu bombani. Nilipofika, wanawake walinyamaza. Wiki jana nilikuwa binti aliyelelewa. Sikuwa hata siku ile.

Jumapili, 9 Septemba

Kanisani nilikaa nyuma. Mke wa mkwe alipita karibu yangu. Alisimama kidogo, akatengeneza khanga yake, akaenda. Sijui alitaka kusema nini. Sistahili kujua.

Jumanne, 11 Septemba

Wameileta pikapu kwa kuivuta. Upande mmoja umebonyea wote. Mkwe amemwambia Baba aitengeneze kwa safari za Tukuyu tu. Ya samaki basi. Mnunuzi amempa mtu mwingine, na mkwe kwa mguu ule hawezi kukanyaga klachi mchangani mchana kutwa. Mwanawe mdogo ataendesha ndizi.

Baba ameanza kufungua bamba la chini na shokomzoba za ziada. Kazi yote ile, tunairudisha nyuma. Naandika kwenye daftari kile kinachotoka.

Alifunga zile bolti ndefu za Iringa, ingawa hazihitajiki tena kwa mzigo wa ndizi. Hakueleza kwa nini. Alinipa spana mimi nikaze. Nilikaza mpaka akasema inatosha.

Jumamosi, 15 Septemba

Siku tulivu. Upepo, vumbi kidogo. Baba amekwenda kutafuta rangi.

Saa nne hivi, mtu amesimamisha lori lake langoni bila kuzima injini. Simjui, lafudhi yake ya Kihehe. Ameuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa mlangoni na ufagio. Nimesema atarudi mchana. Akasema basi, atapita siku nyingine, akaanza kugeuza lori.

Gurudumu lake la nyuma, la kushoto, lilikuwa linayumba.

Nikasema, “Gurudumu lako linacheza.” Hakusikia, injini ilikuwa inanguruma. Nilishuka mpaka barabarani, nikasimama mahali anaponiona, nikasema tena kwa nguvu. Sauti ilitoka mbaya, kama ya mbuzi. Watu wa duka la ng'ambo waligeuka.

Alizima. Alishuka, akatazama. Nati mbili hazikuwepo.

“Ahsante, mwanangu,” alisema, akakaa juu ya jiwe kumsubiri Baba.

Nimempa maji. Uso ulikuwa unaniwaka mpaka masikioni, na bado unawaka ninavyoandika. Nimemaliza kufagia.